Mashine Haitii Sahihi

Ndugu wafanya kazi wa mashamba ya chai, Kericho na Bomet,

Kila asubuhi tunaiona. Watu wawili wameishika, mmoja upande huu wa mstari na mwingine upande ule, na mfuko wake wa nyuma unajaa kabla wewe hujafunika chini ya kapu lako. Nyingine ni kubwa zaidi, ina magurudumu, na mwendeshaji wake amekaa juu kama dereva wa trekta. Kina mama wanasimama kando na kuitazama. Hakuna anayesema kitu, lakini kila mmoja anahesabu moyoni mwake: hii imekula kazi ya wangapi?

Nataka kusema neno moja tu katika karatasi hii, nami nitalisema wazi tangu mwanzo. Mashine haijapata kumfukuza mtu kazi. Haina kalamu, haina muhuri, wala haitii sahihi. Anayekuondoa ni mtu, na anakuondoa kwa karatasi. Mara nyingi sahihi iliyo chini ya karatasi hiyo, au alama ya kidole gumba, ni yako wewe mwenyewe.

Tumeipiga mashine vita muda mrefu. Oktoba 2010 tuligoma kwa ajili yake. Tuliacha makapu, tukakaa chini, na dunia nzima ikasikia ya kwamba wachuma chai wa Kenya hawaitaki mashine. Mgomo ukaisha, mashine zikabaki. Mei 2023 watu walizichoma moto mashine tisa za kampuni iliyoitwa Ekaterra. Mtu mmoja alikufa. Wengine wengi waliumia, wakiwamo polisi na wafanya kazi wenzetu. Waajiri wakafanya hesabu ya hasara yao, wakaitangaza magazetini: shilingi milioni 170. Hasara ya nyumba iliyofiwa hakuna aliyeitangaza. Na mashine? Mashine ikiungua, nyingine hununuliwa. Mtu akifa hanunuliwi mwingine.

Machi mwaka huo huo wa 2023 kamati iliyoundwa na serikali ya kaunti ya Kericho ilipendekeza ya kwamba mashine zichume sehemu 60 katika kila 100, na mikono ichume 40. Mjumbe mmoja wa kamati hiyo, aliyekuwa zamani mkuu wa chama cha waajiri wa chai, alisema kazi kama 30,000 zimepotea katika kaunti ya Kericho peke yake kwa muda wa miaka kumi. Fikirini jambo hili, ndugu zangu. Watu 30,000! Huo ni mji mzima. Sasa nawauliza: katika hao, ni wangapi waliopewa notisi ya kupunguzwa kazi na kulipwa kama sheria inavyosema? Na ni wangapi waliotoka kimya kimya, mmoja mmoja, kama maji yanayovuja kwenye mtungi?

SHERIA INASEMA NINI

Sheria ipo. Haikuandikwa jana, wala si siri. Ni Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 40. Mwajiri akiona ya kwamba kazi yako haihitajiki tena, nawe huna kosa lo lote, hawezi kuamka tu asubuhi na kukuambia uende. Sharti afanye mambo haya:

Kwanza, akupe notisi. Kama wewe ni mwanachama, sharti achapishe barua kwa chama chako na kwa ofisa wa kazi wa eneo hili, si chini ya mwezi mmoja kabla, akieleza sababu na ukubwa wa upunguzaji. Kama wewe si mwanachama, sharti akuandikie wewe mwenyewe, na ofisa wa kazi pia ajulishwe.

Pili, awachague watu kwa haki. Aangalie nani ameanza kazi zamani, na ufundi, uwezo na uaminifu wa kila mtu. Hawezi kuchagua kwa kabila, wala kwa sababu nyapara hampendi fulani.

Tatu, akulipe fedha za likizo unayodai.

Nne, akupe notisi ya mwezi mmoja, au mshahara wa mwezi mmoja badala yake.

Tano, akulipe malipo ya kupunguzwa kazi, si chini ya siku 15 kwa kila mwaka mzima uliofanya kazi. Na kama mapatano ya chama yanatoa zaidi, utapata hiyo zaidi.

Hebu tufanye hesabu. Mama aliyechuma chai miaka 19 anadai siku 285. Tuseme, kwa mfano tu, siku moja ni shilingi 500. Hizo ni shilingi 142,500, kabla ya notisi na likizo. Kwa fedha hizo mtu aweza kwenda kwao akaweka bati juu ya nyumba, akanunua ng'ombe wa maziwa, na watoto wakabaki shule. Msisahau ya kwamba shambani mwetu kazi ikiisha, nyumba nayo imeisha. Chumba ni cha kampuni, maji ni ya kampuni, shule na zahanati ni za kampuni. Mfanya kazi wa mjini akipoteza kazi amepoteza mshahara. Mchuma chai akipoteza kazi huwekwa nje ya mlango na godoro lake.

Wala notisi hii si karatasi ya adabu tu. Mwaka 2012 shirika la ndege la Kenya Airways liliwapunguza wafanya kazi 447. Shauri likafika Mahakama ya Rufani, na katika hukumu ya 2014 majaji walio wengi walisema ya kwamba ule mwezi wa notisi umewekwa ili mwajiri na chama wakae pamoja na kushauriana: je, upunguzaji huu waweza kuepukwa, au kupunguzwa ukali wake? Wafanya kazi hao hawakurudishwa kazini, lakini mwajiri aliamriwa kuwalipa fidia. Kama sheria hiyo inawafaa watu wa ndege, yatufaa na sisi watu wa kapu.

NJIA TATU ZA KUIZUNGUKA SHERIA

Sasa, kwa nini mama wa miaka 19 anatoka mikono mitupu? Kwa sababu mwajiri mwenye werevu haivunji sheria. Anaizunguka. Nimeona njia tatu.

Njia ya kwanza ni mkataba wa msimu. Nitawaeleza niliyoyaona kambini kwetu, katika shamba ambalo sitalitaja. Jirani yangu, mama wa makamo, aliitwa ofisini. Karani akamwambia, "Mama, tunabadilisha vitabu. Weka kidole hapa, kazi itaendelea kama kawaida." Karatasi ilikuwa ya Kiingereza. Yeye hajui kusoma hata Kiswahili. Akaweka kidole. Kazi ikaendelea kweli, siku hiyo na mwezi huo. Msimu ukaisha, akaitwa tena akaweka kidole. Msimu wa pili ukaisha, hakuitwa. Akaja kwangu na ile karatasi ameikunja ndani ya leso, akaniambia, "Mwanangu, hebu nisomee, mimi nimekosa nini?" Hakuwa amekosa kitu. Karatasi ilisema ya kwamba amekubali kumaliza kazi yake ya kudumu na kuanza upya kwa miezi mitatu. Miaka 19 iliisha kwa wino wa kidole kimoja.

Ndugu, sheria hiyo hiyo, kifungu cha 9, inasema ya kwamba mtu asiyejua kusoma, au asiyeijua lugha ya mkataba, sharti mwajiri amweleze mkataba huo kwa lugha anayoielewa. Kama ni Kikipsigis, kwa Kikipsigis. Kama ni Kikisii, Kijaluo au Kiluhya, kwa lugha hiyo. Neno "tunabadilisha vitabu" si maelezo. Ni hila.

Nami nitasema kweli hata isipotupendeza. Kifungu cha 37 kinamlinda kibarua wa kutwa: akifanya kazi mfululizo kwa jumla ya siku zisizopungua mwezi mmoja, au akipewa kazi isiyoweza kumalizika kabla ya miezi mitatu, kazi yake inageuka kuwa ya mkataba wa kawaida. Lakini mahakama zetu mara nyingi zimesema ya kwamba mkataba wa muda maalumu ukifika mwisho umefika mwisho, na mwajiri halazimiki kuurudia. Hapo ndipo tundu lilipo, na kina mama wetu wanapitia tundu hilo. Hatuwezi kuliziba kwa kulia. Tutaliziba kwa mapatano ya chama, kama nitakavyoeleza chini.

Wazee wetu waliijua hila hii kwa jina lingine. Wakati wa ukoloni mtu aliajiriwa kwa tiketi ya siku 30 za kazi, azimalize ndani ya siku 42, na tiketi ikiisha yeye si mfanya kazi wa mtu ye yote mpaka apewe nyingine. Hakuna mwaka wa kwanza, hakuna mwaka wa kumi, kila tiketi ni mwanzo. Tuliimba Uhuru ili tiketi iondoke. Leo imerudi ikiwa imepigwa chapa kwa kompyuta.

Tena kuna aibu ndani yake. Februari 2023 shirika la habari la BBC lilionyesha dunia nzima namna wasimamizi katika mashamba ya Kericho walivyowadai wanawake miili yao kabla ya kuwapa kazi. Mtu anayeomba kazi upya kila miezi mitatu ana bwana mpya wa kumwomba kila miezi mitatu. Mwenye kazi ya kudumu aweza kusema "sitaki" na kesho akarudi shambani. Wa msimu akisema "sitaki", jina lake halionekani kwenye orodha. Basi msiniambie ya kwamba mkataba ni jambo la ofisini tu.

Njia ya pili ni kontrakta. Kazi ni ile ile, mstari ni ule ule, mizani ni ile ile, lakini unaambiwa ya kwamba bwana wako sasa ni mtu mwenye gari moja na simu mbili. Ukidai likizo, kampuni inasema nenda kwa kontrakta. Ukienda kwa kontrakta, anasema mimi nalipwa na kampuni, nangoja. Mwaka 2013 mahakama ya kazi, katika shauri la kampuni ya Wrigley, ilisema wazi ya kwamba mwajiri aweza kutoa kazi nje, lakini jambo hilo lisiwe mlango wa kukimbilia madeni yake kwa wafanya kazi. Je, kuchuma majani katika shamba la chai ni kazi ya pembeni? Kama hiyo ni kazi ya pembeni, kazi yenyewe ya shamba la chai ni ipi?

Njia ya tatu inaitwa hiari. "Kampuni inatoa nafasi ya kustaafu mapema kwa hiari." Wako wanaofaidika nayo, sikatai, hasa wazee waliochoka mgongo. Lakini hiari ina kipimo chake. Kama umepewa siku tatu za kujibu, na nyapara amekunong'oneza ya kwamba usipotia sahihi leo utapunguzwa kesho bila kitu, hiyo si hiari. Kabla ya kutia sahihi, linganisha: karatasi yao inatoa kiasi gani, na kifungu cha 40 pamoja na mapatano yetu vingetoa kiasi gani? Mtu asiyehesabu huhesabiwa.

JINA LA GETINI

Wengi wameniuliza juu ya kuuzwa kwa mashamba. Mwaka 1984 Unilever waliinunua Brooke Bond. Mwaka 2022 Unilever nao waliiuza biashara yao ya chai kwa CVC Capital Partners, na jina likawa Ekaterra, kisha Lipton. Mwaka 2023 mashamba ya James Finlay yakauzwa kwa Browns wa Sri Lanka, na mwaka 2024 ikatangazwa ya kwamba Browns wanachukua na yale ya Lipton. Mzee mmoja alisema ameaga mabwana wanne bila kuhama chumba.

Shikeni jambo moja. Mtu akinunua hisa za kampuni, kampuni ni ile ile ingawa jina lake limebadilika, na mkataba wako ungali hai. Jina la getini hubadilika, lakini miaka yako haianzi upya. Lakini jueni pia ya kwamba sheria ya Kenya haina kifungu kinachosema wazi ya kwamba, shamba lenyewe likiuzwa kama mali bila kampuni, wafanya kazi wanahamia kwa bwana mpya pamoja na miaka yao. Kwa hiyo kila linapouzwa shamba, swali la kwanza la chama liwe hili: miaka yetu iko katika kitabu cha nani? Na jibu liandikwe.

HESABU INAYOTISHA KULIKO MASHINE

Sasa nakuja kwetu wenyewe, na viongozi wangu wanisamehe.

Chama chetu kilizaliwa mwaka 1963, vyama vya chai, vya kahawa na katani na vingine vilipoungana. Kinakaa mezani na waajiri kwa nguvu ya sheria. Lakini Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007, kifungu cha 54, inasema ya kwamba mwajiri analazimika kukitambua chama chenye zaidi ya nusu ya wafanya kazi wanaoweza kuwa wanachama. Zaidi ya nusu! Fanyeni hesabu. Kila mtu wa kudumu anayetoka, na badala yake akaingia kijana wa msimu asiyeandikishwa, nguvu yetu inapungua upande mmoja na idadi ya wasio wetu inapanda upande wa pili. Na watu wa kontrakta, wao ni wafanya kazi wa nani? Siku moja mwajiri atasimama mahakamani na kusema, "Hawa si wengi tena." Siku hiyo hatutakuwa na mapatano, hatutakuwa na meza, wala hatutakuwa na notisi ya kupelekewa.

Nasi tumefanya nini? Tumewaita watu wa msimu "wageni". Tumekata ada za wa kudumu na kuwaacha vijana wa mashine kama si watoto wetu. Wengine kati yetu wamesikiliza maneno ya siasa, ya kwamba kazi ni za wenyeji na wengine warudi kwao. Tuliona mwaka 2007 na 2008 maneno hayo yanafika wapi. Mashine haikumwuliza mtu kabila lake ilipochukua mstari wake.

Waajiri wanasema bei ya mnada wa Mombasa ni mbaya, gharama ni kubwa, na vijana hawataki kuchuma kwa mikono. Baadhi ya hayo ni kweli. Hatuwaambii waendeshe shamba la mwaka 1960. Lakini faida ya mashine ikiwa ya kweli, inatosha kumlipa mama wa miaka 19 siku zake 285. Na ikiwa haitoshi kumlipa, basi si mashine inayoleta faida. Ni fedha za huyo mama.

TUNATAKA NINI

Sheria iliyo mbali na mkono haisaidii. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Mwaka 2016 mahakama ya kazi iliamuru tuongezwe 30 kwa 100, waajiri wakakata rufani, na Oktoba 2017 tulikuwa bado tunagoma kuidai. Kwa hiyo tusingoje mahakama peke yake. Mapatano ya chama yakisajiliwa mahakamani yanaingia ndani ya mkataba wa kila mtu anayehusika. Basi katika mapatano yajayo tunataka mambo manne yaandikwe:

1. Mtu aliyerudi misimu kadhaa itakayokubaliwa awe wa kudumu, na misimu yake ya nyuma ihesabiwe.

2. Mwajiri aonyeshe mpango wake wa mashine kabla hazijafika: ngapi, mashamba gani, watu wangapi. Kifungu cha 57 kinamtaka atoe habari zinazohitajika katika majadiliano. Atoe.

3. Mafunzo ya mashine yaanze na wale ambao mashine inawaondoa, na kina mama wawe mbele. Wao ndio waliokuwa wengi kwenye kapu, na kifungu cha 5 kinakataza ubaguzi wa mwanamume na mwanamke. Kusema "mashine ni nzito" si sababu. Kapu lililojaa majani yenye umande nalo lilikuwa zito, na walilibeba.

4. Karatasi yo yote ya kubadili au kumaliza kazi isomwe mbele ya mwakilishi wa chama, kwa lugha ya mwenye kutia sahihi, naye aende nayo nyumbani kabla ya kujibu.

Nanyi wanachama, msingoje mapatano. Mkiitwa ofisini, semeni kwa adabu, "Naomba nakala, nitajibu baada ya kusomewa." Hakuna sheria inayokataza maneno hayo. Wekeni karatasi zenu za mshahara, hata zile za zamani, maana ndizo miaka yenu. Mkiondolewa, daini cheti cha kazi, ni haki yenu. Na msikae na kidonda ndani ya nyumba, kwa sababu sheria inatoa miaka mitatu tu ya kushtaki, kisha mlango unafungwa.

Viongozi wa tawi, nanyi mna deni. Kila notisi ya kifungu cha 40 inayoletwa kwenu ibandikwe kambini siku hiyo hiyo. Kama hamkuletewa notisi na watu wanatoka, tuambieni hivyo. Na vijana wa msimu waandikishwe mwezi huu.

Yule jirani yangu bado hajalipwa. Ile karatasi ameihifadhi, na mwakilishi wetu ameisoma, na shauri linaandikwa kabla miaka mitatu haijaisha. Wiki hii kila mmoja wenu mwenye karatasi ya ofisini aliyoitia sahihi bila kusomewa ailete kwa mwakilishi wa kambi yake. Tutazipanga zote juu ya meza moja, na tutazihesabu.

Umoja ni nguvu.

Mwanachama, mchuma chai